Kundi la Friji

Nimefanya kazi katika hifadhi ya sauti kwa miaka thelathini na moja. Imenichosha masikio, kisha mgongo, kisha moyo, kwa mpangilio huo huo. Watu wakisikia ninapofanya kazi hudhani nashinda nikisikiliza muziki. Nashinda na vikao vya baraza. Mwenyekiti anafungua kikao, katibu anasoma kumbukumbu za kikao kilichopita, mjumbe fulani ana hoja kuhusu mitaro. Mitaro hiyo nimeisikia miaka yote hii na nina hakika mpaka leo imeziba.

Kazi yenyewe ni hivi. Mkanda wa zamani unaletwa umevuta unyevu, unanata. Ukiucheza ulivyo utajichana. Kwa hiyo tunauweka kwenye oveni ndogo, moto wa chini kabisa, saa nane mfululizo, mpaka ukauke. Kisha unafungwa kwenye mashine, unachezwa, na kompyuta inanakili. Mkanda wenye nguvu unaweza kuchezwa mara kadhaa. Mkanda mchovu unachezwa mara moja tu, maana huku unatoa sauti huku unabanduka, na ukiisha unakuta mashine imejaa unga wa kahawia. Unga ule ndio uliokuwa sauti.

Kati ya mashine na kompyuta kuna kisanduku cha chuma tunachokiita Mfagizi. Jengo letu lina nyaya mbovu, na kila tunachonakili kinaingia na mngurumo wa umeme. Mfagizi ana kazi moja: husikiliza sauti yoyote isiyobadilika, au inayobadilika polepole mno, na kuiondoa. Maneno ya watu yanapanda na kushuka, kwa hiyo anayaacha. Mngurumo umesimama palepale, kwa hiyo anaufagia. Ukutani kuna sheria, imebandikwa na mwenzangu tunayemwita Lebo kwa sababu hakuna kitu hajakiandikia lebo, pamoja na kikombe chake na kiti chake. Sheria inasema Mfagizi azimwe kila mkanda mpya unapoanza. Hakuna anayeifuata. Vikao vya baraza vyote vinamhitaji, na mkate wetu ni vikao vya baraza.

Nayaeleza haya mapema ili baadaye usiseme hukuambiwa.

Dada yangu amenizidi miaka minane. Alipofika thelathini na kitu aliacha ualimu, akaanza kukutana kila Jumamosi na watu wawili katika ghala tupu la magunia. Mmoja alikuwa fundi redio, aliyeleta redio zilizofunguliwa matumbo, hazishiki stesheni yoyote, zinalia tu. Mwingine alikuwa mshonaji, aliyevuta waya mnene juu ya ubao mrefu na kuusugua kwa upinde. Dada alikuwa na kinanda cha kukanyaga, kile ambacho miguu inasukuma upepo kama kwenye cherehani. Alibana vibonye viwili kwa njiti za kiberiti ili visinyanyuke, kisha akakanyaga. Wote watatu walishika sauti moja, nzito, ya chini, na hawakuiachia kwa saa tatu au nne. Hapakuwa na wimbo wala mdundo. Ukiuliza wanaanza lini, unaambiwa wameshaanza.

Majirani wa ghala waliwaita Kundi la Friji. Dada alilipenda jina hilo, akaliandika kwa rangi nyeupe kwenye sanduku la kinanda.

Mama hakulipenda. "Umeacha chaki ili uwe friji," alimwambia mezani, mbele ya wageni. Kisha akasonya. Lazima niueleze msonyo wa mama, maana hakuna mwingine aliyekuwa nao. Ulianza vizuri, ukakwama katikati kama zipu, kisha ukamalizikia kwa nguvu. Tulipokuwa wadogo tuliusikia kutoka uani tukajua matokeo ya shule yameshafika nyumbani.

Mama alikwenda kuwasikiliza mara moja tu, siku ya onyesho lao kubwa, alasiri, watu kama sitini. Mimi nilikuwa na mtoto mchanga, sikwenda, na sitajifanya kwamba mtoto ndiye sababu pekee. Kundi la Friji walicheza wakiwa wameelekea ukutani, migongo kwa watu. Ndio ulikuwa utaratibu wao, ili watu wasikilize badala ya kutazama. Kwa hiyo dada hakuona nani alikaa na nani alitoka. Mama mwenyewe ndiye aliyemwambia: "Nilikaa dakika kumi, nikaenda zangu." Aliirudia sentensi hiyo kwa miaka ishirini, kila familia ilipokutana, mpaka ikawa mzaha wa nyumba. Dada alicheka pamoja nasi. Lakini hakumwalika tena mama popote, na baada ya miaka mitatu kinanda kikafunikwa shuka. Mama alifariki bila wawili hao kulizungumza.

Mwaka huu masikio ya dada yameanza kufunga. Sauti za juu ndizo zilizotangulia: ndege, filimbi ya birika, mlio wa simu, na nusu ya herufi katika maneno ya watu. Za chini bado anazisikia, lori likipita, mlango mzito ukifungwa. Mimi nimezoea kuzungumza naye karibu, kwa sauti ya kifuani, kama baba mwenye nyumba. Daktari wa masikio alimwambia hizo za chini nazo zitaondoka, akahesabu kwa miezi.

Basi siku moja akaja kazini kwangu, akaketi bila kukaribishwa.

"Mdogo wangu, ule mkanda wa ghala mnao?"

Tulikuwa nao. Ulikuwa mmoja tu, kwa sababu Kundi la Friji hawakutaka kurekodiwa. Fundi redio alirekodi onyesho lile kwa siri, na alipofariki mjane wake alituletea sanduku zima lililokuwa chini ya kitanda. Mshonaji alihama zamani, hatujui aliko.

"Nataka niusikie mara moja," dada alisema. "Mwanzo mpaka mwisho. Daktari anasema sauti kama ile ndiyo itakayoniaga mwisho. Basi iwe ile yenyewe."

"Nipe wiki mbili."

"Usinichezee wiki mbili zenu za ofisini."

"Wiki mbili za kweli, dada."

Nilikuwa nimetoka kwenye wiki tatu za baraza. Kichwa kilikuwa kinaniuma pale hedifoni zinapokaa, na nilikuwa nikilala mchana kwenye kiti macho yakiwa wazi, ujuzi ambao utumishi mrefu humpa mtu. Mikanda ilikuwa miwili mikubwa. Ilitoka kwenye oveni asubuhi na nikaiona kwa jicho tu kwamba ni michovu, ya kuchezwa mara moja. Nikafunga wa kwanza, nikavaa hedifoni, nikabonyeza.

Nikasikia ukumbi. Viti, hatua, mtu akikohoa. Muziki hakuna. Nikajisemea bado hawajaanza.

Kwa muziki mwingine wowote ningeshtuka baada ya dakika mbili. Lakini hawa niliwajua. Walikuwa na tabia ya kukaa kimya kwanza, hata dakika ishirini, mpaka watu waache kujikuna. Nikangoja kwa adabu. Sindano ya mashine ilikuwa imesimama katikati, imara, kuonyesha kuna sauti inatoka kwenye mkanda, nami nikaiamini sindano. Baada ya nusu saa nikasikiliza tena: kiti, kikohozi. Nikamsifu dada yangu kwa uvumilivu wake. Kisha nikavua hedifoni, nikaziweka mezani, nikajaza fomu. Mkanda wa kwanza ulipoisha nikafunga wa pili kwa mazoea ya mikono.

Lebo aliingia mkanda wa pili ukiwa unamalizikia. Alitazama mashine, akatazama kile kisanduku chenye taa ya kijani.

"Mfagizi anafanya nini hapo?" aliuliza.

Mkia wa mkanda ulikuwa umeshatoka, unapiga pap, pap, pap kwenye mashine. Nilinyoosha mkono nikamzima Mfagizi, saa tatu na dakika arobaini baada ya muda wake.

Tulijaribu kuucheza tena. Ulitoa kelele kama kiti kinachoburutwa kwenye sakafu ya saruji, kisha ukanyamaza kabisa. Unga wa kahawia ulikuwa kila mahali. Lebo aliukusanya kwa brashi ndogo, akautia kwenye bahasha, akaandika namba ya mkanda juu yake. Nilitaka kumwuliza bahasha hiyo itamsaidia nani, nikaacha.

Kilichobaki kwenye kompyuta ni dakika mia mbili na ishirini za watu waliokaa ghalani wakisikiliza kitu ambacho hakipo. Mfagizi alikuwa amefanya kazi yake vizuri kuliko siku zote. Na ubaya ulikuwa umezidi ubaya: viti na vikohozi vile vyote ni sauti za juu. Alichoweza kusikia dada ndicho nilichofuta, na nilichobakiza hawezi kukisikia.

Sasa nitasema nilichofanya, na aliyewahi kuwa na dada mkubwa atanielewa hata kama hatanisamehe. Nilitengeneza nyingine. Sauti yao niliijua, ni noti mbili tu, mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kuzitoa. Kwa siku tatu nilizipika, nikazichanganya, nikaongeza kelele ya redio na msuguano wa waya, nikaziweka chini ya vile viti na vikohozi. Ilikaa pale kama imezaliwa pale. Lebo alipita nyuma yangu mara kadhaa bila kusema neno, na kwa Lebo hilo ni karipio.

Dada alikuja amevaa gauni lake la harusi za watu. Nilimkalisha mbele ya spika kubwa, naye akaweka viganja vyote viwili juu yake na kufumba macho. Dakika kumi zikapita, ishirini, arobaini. Nilimwona uso wake ukilegea, nikaanza kupumua.

Kisha akafumbua macho.

"Nani amecheza hii?"

"Ni nyinyi."

"Sisi tulikuwa tunachoka," alisema. "Baada ya nusu saa miguu yangu ilikuwa inakufa na upepo unapungua, sauti inazama kidogo, halafu najikaza inapanda. Yule mshonaji alikuwa anabadilisha mkono. Hii haichoki. Nani amecheza?"

Nilimwambia. Nilimwambia kwa ile sauti ya kifuani, na ni vigumu sana kuomba radhi kwa sauti ya baba mwenye nyumba. Nikamwonyesha Mfagizi, nikamwonyesha mikanda ilivyobaki mitupu, ya rangi ya maji. Alisikiliza yote.

"Ungesema tu kwamba umeharibu," alisema. "Kuharibu ningekuelewa. Mimi nimeharibu mangapi? Lakini umeniletea friji ya dukani."

Akachukua mkoba wake akaondoka. Siku kumi hakunitumia hata ujumbe. Nilikwenda kazini, nikarudi, nikala nilichokikuta. Mitaro iliendelea kuziba. Niliona aibu ambayo sikuwa nimeiona tangu utotoni, ile ya kujificha nyuma ya mlango ukijua utatafutwa, tofauti ikiwa safari hii hakuna aliyenitafuta.

Siku ya kumi na moja Lebo aliweka kadi tupu mezani kwangu. Kila tunachonakili lazima kiwe na kadi: namba, tarehe, kilichomo dakika kwa dakika, na mwisho kuna mstari wa waliokuwepo.

"Kadi ya mkanda wa ghala," alisema.

"Hakuna cha kuandika, Lebo. Hakuna kilichomo."

"Dakika mia mbili na ishirini za hakuna?"

"Ndiyo."

"Basi hiyo nayo inaandikwa. Andika kilichomo, siyo kilichotakiwa kuwemo."

Nilikuwa sina nguvu ya kubishana. Nilifuta zile noti zangu za uongo, nikavaa hedifoni, nikaanza mwanzo. Dakika ya pili, kiti. Dakika ya sita, kikohozi, mwanaume. Dakika ya kumi na moja, hatua, mlango unafunguliwa na kufungwa. Nikatabasamu kwa uchungu, nikajisemea, huyo ni mama anakwenda zake. Nikaandika: mtu anatoka.

Dakika ya kumi na tisa mtu akasonya.

Nilisimamisha. Nikarudisha nyuma. Ulianza vizuri, ukakwama katikati, ukamalizikia kwa nguvu. Nilirudisha mara sita. Ule muziki ungekuwepo, msonyo usingesikika kabisa, ungezama humo kama mtu anayesonya kando ya jenereta. Lakini Mfagizi alikuwa amesafisha ghala lote, na msonyo wa mama ulibaki peke yake, mkavu, kama yupo nyuma ya kiti changu na ameona nilichokifanya.

Nikaendelea. Dakika ya thelathini na nane, msonyo. Ya hamsini na tano, msonyo. Ya themanini, miwili, iliyofuatana. Dakika ya mia na ishirini na tano ulitoka mrefu kuliko yote, na mwanaume mmoja akanong'ona, "Mama, tunaomba unyamaze," na sauti ya mama yangu, ambayo sikuwa nimeisikia kwa miaka tisa, ikajibu, "Nimenyamaza." Akanyamaza kama dakika nne. Kisha akasonya tena.

Jumla ilikuwa kumi na moja. Wa mwisho ulikuwa dakika ya mia mbili na kumi na moja, zimebaki dakika tisa tu kumalizika, na baada ya hapo hakuna mlango uliofunguliwa mpaka watu wote walipoinuka.

Nilikumbuka siku ile. Mama alirudi nyumbani jioni, akasema alipitia kwa rafiki yake wakazungumza mpaka wakasahau saa. Akaomba maji ya moto ya kukandia mgongo. Nilimkanda mimi, mtoto akiwa amelala, na sikuuliza ni mazungumzo gani yanayomvunja mtu mgongo. Nililia pale pale kwenye meza ya ofisi, halafu nikakasirika, kwa sababu angeweza kusema. Alikuwa na miaka ishirini ya kusema.

Nilikwenda kwa dada na kadi mkononi. Alinifungulia, akaniacha mlangoni, akarudi kuketi kwenye meza ya jikoni. Niliiweka kadi mbele yake. Alivaa miwani akaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kama alivyokuwa akisahihisha madaftari.

"Msonyo," alisema. "Una uhakika?"

"Ule wa zipu."

Kidole kiliendelea kushuka. Kilipofika kwenye "Nimenyamaza" kilisimama kwa muda, kisha kikaenda mpaka chini, kikarudi juu, kikahesabu.

"Kumi na moja."

"Kumi na moja."

"Aliuchukia mpaka dakika ya mia mbili na kumi na moja."

"Aliuchukia," nilisema. "Lakini alikaa."

Dada alivua miwani. Hakulia. Mimi ndiye mliaji katika familia yetu, yeye alipewa kichwa kigumu. Alitazama friji yake, ile ya jikoni, ambayo ilikuwa inanguruma kwenye kona.

"Na siwezi kuusikia," alisema. "Msonyo wote ni upepo wa juu. Hata ukiweka spika sikioni sipati kitu."

"Najua."

"Nilichobaki nacho umekifagia, ulichobakiza sina masikio nacho."

"Najua, dada. Samahani."

Kisha akainuka, akaenda sebuleni, nikasikia shuka likivutwa na vumbi likimkohoza.

"Kesho njoo asubuhi na vyombo vyako vya kurekodia," alisema. "Upite dukani ununue kiberiti."

Nilifika saa mbili na nusu. Nilisimamisha maikrofoni mbili, nikaweka kompyuta yenye ule mkanda wa viti na vikohozi, nikavaa hedifoni. Mfagizi nilikuwa nimemfungia kabatini kazini na Lebo amebandika karatasi juu ya kabati. Nilikwenda jikoni kuzima friji ili isiingie kwenye rekodi.

"Mwache," dada alisema. "Ni mwenzetu."

Aligeuza kinanda kikaelekea ukutani. Akabana vibonye viwili kwa njiti za kiberiti, akavua viatu, akaweka miguu kwenye pedali. Mimi niliketi nyuma yake na mkono wangu wa kushoto begani kwake. Tulikuwa tumepatana: yeye acheze, mimi nisikilize ghala, na kila mama atakaposonya nimgonge begani mara moja. Nilianzisha ule wa zamani na wa sasa kwa pamoja, naye akaanza kukanyaga.

Sauti ilitoka na kikohozi cha vumbi, kisha ikatulia. Ilikuwa nzito, ya chini, niliisikia kwenye mbao za sakafu na kwenye meno. Sikuwa nimewahi kukaa nayo. Miaka yote nilikuwa dada wa mtu wa Friji, na sikuwahi kukaa. Dakika ya kumi na moja mlango wa ghala ukafunguka na kufungwa kwenye hedifoni zangu, na sikumgonga. Dakika ya kumi na tisa nikamgonga.

Aliitikia kwa kichwa, akaendelea.

Alikuwa amesema kweli, ilikuwa inachoka. Baada ya nusu saa ilizama, kisha akajikaza ikapanda. Dada ana miaka sitini na sita. Mgongo wa gauni lake ulianza kulowa. Dakika ya themanini nilimgonga mara mbili haraka haraka na mabega yake yakacheka. Dakika ya mia na ishirini na tano nilimgonga, nikamwinamia, nikamwambia kwa sauti ya kifuani, "Anaambiwa anyamaze. Anasema amenyamaza." Sauti yote iliyumba kwa kicheko chake, imo kwenye rekodi, mtu yeyote anaweza kuisikia.

Zilipokaribia kutimia saa tatu za kukanyaga, mguu wake wa kulia ulikakamaa. Nikaona unainuka nusu tu. Nilishuka kwenye kiti, nikakaa sakafuni kando ya kinanda, nikaanza kusukuma pedali ya kulia kwa mkono wangu wa kulia, huku wa kushoto ukiwa umepanda mpaka begani kwake. Si mkao wa mwanamke wa miaka hamsini na minane. Mkono uliniuma, kisha ukafa ganzi, kisha ukauma tena, na kila nilipolegea niliisikia sauti ikilegea pamoja nami. Nilielewa basi kwa nini alijua mara moja kwamba ile yangu ilikuwa ya dukani.

Dakika ya mia mbili na kumi na moja mama alisonya kwa mara ya mwisho. Nikamgonga dada.

Na dada, bila kugeuka, bila kuacha kukanyaga, akasonya. Ulianza vizuri, ukakwama katikati, ukamalizikia kwa nguvu. Sikuwahi kumsikia akisonya hivyo maisha yangu yote.

"Umetoka?" aliuliza. Hakuweza kuusikia.

"Umetoka."

"Kama wake?"

"Kabisa."

Tulimaliza zile dakika tisa. Alichomoa njiti moja, kisha ya pili, na upepo ukaisha polepole mpaka ikabaki friji peke yake jikoni. Dada aliinamisha paji la uso kwenye kinanda, akakaa hivyo. Mimi nilikaa sakafuni, sikuweza kuinuka, na sikuwa na haraka ya kuinuka.

Siku iliyofuata nilijaza kadi kazini, Lebo akiwa amesimama nyuma yangu na kikombe chake chenye jina la kikombe. Kwenye mstari wa waliokuwepo niliandika: dada, mimi, friji. Alisoma, hakupinga. Kisha nikatoa kadi ya mkanda wa ghala. Kwenye mstari ule ule nilikuwa nimeandika "hawajulikani". Nikalikata neno hilo kwa kalamu na kuandika juu yake: mama, mpaka mwisho.